Kuhamisha ua la ZZ kwenye poti mpya kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili

Watu wengi wananiambia "mi sina mkono wa maua", alafu ukimuuliza vizuri unakuta ua lilikuwa zima kabisa mpaka siku alipolitoa kwenye kiplastiki alichonunulia akalihamishia kwenye poti nzuri ya sebuleni, wiki tatu baadae majani yakaanza njano, mwezi wa pili limekufa. Hapo ndo anaamua kwamba hana mkono. Mkono unao. Kilichokuangusha ni poti kubwa kupita kiasi na maji mengi, na mambo hayo mawili unayajua yote ndani ya jioni moja.

Nitaelezea kwa kutumia ZZ, lile ua lenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambalo sasa hivi liko kila ofisi na kila saluni. Nimelichagua kwasababu ndo ua ambalo wengi wanaanza nalo, na pia kwasababu ni la kwetu. ZZ asili yake ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, kushuka Malawi na Msumbiji mpaka Afrika Kusini, huko linaota lenyewe chini ya miti na kwenye miamba. Wazungu waliliandika London mwaka 1829 huko, lakini biashara yake kubwa imekuja juzi tu miaka ya 1990 baada ya wakulima wa maua wa Uholanzi kuanza kulizalisha kwa wingi, kwahiyo kuna mtu Dar leo ananunua ua lililopanda ndege kutoka Ulaya wakati ndugu zake wako porini hapa hapa pwani.

ZZ ni ukoo mmoja na magimbi. Likumbuke hilo maana litakusaidia mbele. Chini ya udongo lina viazi, vinafanana kabisa na gimbi changa, na kwenye viazi hivyo na kwenye mashina ndo linatunza maji yake ya akiba. Linaweza kukaa mwezi mzima bila kunywa. Sasa mmea wenye tenki lake la maji ukiumwagilia kila siku, unaoza.

Jua kwanza kama kweli linahitaji kuhama

Usilihamishe siku ile ile umelileta nyumbani. Najua hamu inakuwepo, na hicho kiplastiki cheusi kinaudhi macho, ila ua limetoka bustanini kwenye kivuli cha neti na unyevu, limepanda bodaboda au nyuma ya gari, limefika kwenye nyumba yenye hewa nyingine na mwanga mwingine, ukiliongezea na kung'oa mizizi siku hiyo hiyo umelipa mizigo miwili kwa pamoja. Liache wiki 2 hadi 3 lizoee nyumba. Kama kiplastiki kinakukera kitumbukize na ua lake ndani ya poti nzuri, poti ndani ya poti, hakuna mtu atajua.

Baada ya hapo angalia dalili. Geuza poti chini uone matundu, mizizi ikiwa inachungulia nje hiyo ni ya kwanza. Ukimwagilia maji yanapita yote moja kwa moja kama hakuna kitu ndani, maana yake udongo umebaki kidogo na mizizi imejaa. Plastiki limevimba ubavuni, limekuwa kama lina nundu: hiyo ni ZZ kabisa, viazi vyake vina nguvu ya ajabu, vinasukuma plastiki mpaka linapinda na chungu cha udongo vinaweza kukipasua. Na ya mwisho, miezi inapita haitoi shina jipya wakati mwanga inapata.

Kama hakuna hata moja, liache. ZZ inapenda kubanwa kidogo, kwa kawaida inahama kila baada ya miaka 2 au 3, na kuhamisha kila mwaka kwasababu tu umeona poti nzuri njiani ni kuusumbua mmea bila faida.

Mda mzuri ni pale mmea uko kwenye kukua. Kwa sisi wa pwani mimi napenda mvua za masika zikianza, kuanzia Machi hivi, au vuli, Oktoba na Novemba. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, inakua polepole na udongo unachelewa kukauka kwahiyo kidonda cha mzizi kinachelewa kupona. Sio kwamba ni mwiko, kama poti imepasuka leo utafanya nini, ila kama una nafasi ya kuchagua chagua hivyo. Na fanya jioni, jua limeshuka, ua lipate usiku mzima wa kutulia.

Poti

Hapa ndo nakuomba unisikilize. Poti mpya iwe pana kuliko ya zamani kwa sentimita 3 mpaka 5 TU. Pima mdomo wa poti ya zamani, kama ni inchi 6 nenda inchi 8, basi. Ukiweka ua la zamani ndani ya poti mpya inatakiwa kidole kimoja kiingie pande zote, mkono mzima ukiingia hiyo poti ni kubwa sana.

Wengi wanafikiri poti kubwa ni kulipendelea ua, "lipate nafasi". Angalia kinachotokea. Mizizi inakunywa maji pale ilipo tu. Ule udongo mwingine wote wa pembeni ambao hauna mizizi unabaki umeloa wiki baada ya wiki, na udongo ukijaa maji zile nafasi ndogo ndogo katikati ya chembe zinakosa hewa. Mizizi nayo inapumua, inahitaji oksijeni kama wewe. Ikikosa inakufa, ikifa vijidudu vya kuozesha vinaingia, vikimaliza mizizi vinahamia kwenye viazi. Huku juu unaona majani ya njano unadhani lina kiu, unaongeza maji! ZZ yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Niliinunua kwa muuza maua barabarani nikaitia kwenye poti ya simenti ambayo ingetosha mchungwa, nikawa namwagilia kila asubuhi kwa upendo kabisa, na siku naivuta ikatoka mkononi bila kushika chochote, viazi vyote vimekuwa uji. Niliumia kwasababu ile ilikuwa ya kuweka chumbani kwa mama.

Aina ya poti sasa. Chungu cha udongo uliochomwa ndo ninachompa anaeanza, kwasababu kinapitisha hewa ubavuni na udongo unakauka haraka, ukizidisha maji kidogo kitakusamehe. Kikiwa kipya kiloweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima, la sivyo kitanyonya maji yote ya udongo siku ya kwanza. Plastiki inatunza unyevu zaidi, sio mbaya, ni nyepesi na bei nafuu, ila lazima uwe mchoyo wa maji. Poti za simenti zile zinazofyatuliwa barabarani ni nzuri na nzito, haziangushwi na watoto, lakini mpya ina chokaa nyingi inayotoka polepole, kwahiyo jaza maji, kaa nayo siku mbili tatu, mwaga, jaza tena, rudia kama wiki moja hivi ndo upande.

Ndoo ya rangi au kopo la kilo mbili halina shida yoyote, mama zetu wamelea maua mazuri kuliko haya yetu kwenye makopo ya maziwa. Lakini LITOBOE. Tundu 4 au 5 chini, kila moja kama kidole kidogo. Pasha msumari kwenye moto ukiushika na koleo, toboa ukiwa nje maana moshi wa plastiki sio wa kuvuta. Poti isiyo na tundu mimi siiti poti, hilo ni beseni.

Kokoto chini ya poti: tuachane nazo

Kila mtu amefundishwa kuweka kokoto au vigae chini "ili maji yashuke". Mimi mwenyewe nilifanya miaka. Fanya jaribio hili dogo jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, ishike imelala bapa juu ya sinki mpaka iache kudondosha. Alafu isimamishe wima. Utaona maji mengine yanaanza kutoka, wakati ulidhani yameisha. Sponji ni ile ile, kilichobadilika ni kimo tu.

Udongo ndani ya poti unafanya vile vile. Chini kabisa daima kunabaki tabaka la udongo lililoshiba maji, haliachii, na unene wa tabaka hilo unategemea udongo wenyewe na sio kilicho chini yake. Ukiweka kokoto sentimita 5 hujaliondoa hilo tabaka, umelipandisha juu sentimita 5, umelisogeza kwenye mizizi. Poti imekuwa fupi. Kwahiyo jaza udongo mpaka chini, na kwenye tundu weka kipande tu cha wavu wa dirisha uliochakaa au kigae kimoja kilichopinda ili udongo usimwagike. Kokoto zako kama ni nzuri ziweke juu kama pambo, ingawa hata huko juu zinakuficha usione udongo umekauka au la.

Udongo

Udongo uliochimba nyuma ya nyumba peke yake hapana. Shambani una minyoo na mizizi ya mimea mingine inaufungua, ndani ya poti unashikamana baada ya mwezi unakuwa tofali. Changanya mwenyewe, pima kwa kopo lolote:

makopo 2 ya udongo mweusi wa juu, uliochekechwa
kopo 1 la mchanga wa mto, ule mkubwa wa kujengea
kopo 1 la pumba za mpunga zilizochomwa, au makumbi ya nazi yaliyosagwa
nusu kopo ya samadi iliyoiva

Ukiwa Arusha, Moshi au huko Naivasha ambako yale mawe mepesi ya volkano yanapatikana, yaponde ya ukubwa wa punje za mahindi utie badala ya mchanga, ni bora zaidi maana yana vitundu vya hewa ndani. Vipande vidogo vya mkaa pia vinafaa kwa kufungua udongo, chukua ule uliobaki chini ya gunia.

Tahadhari tatu na zote nimeziona kwa watu wa pwani. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi, na chumvi inachoma ncha za majani. Makumbi nayo mengi yameloweshwa maji ya bahari kule yanakosukwa kamba, kwahiyo yaloweke maji baridi, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Na samadi, iwe imeiva kweli kweli, nyeusi, inapukutika, hainuki, ukiishika sio ya moto. Samadi mbichi itakuunguzia mizizi yote na nyumba itajaa nzi, kama huna uhakika nayo iache, ZZ haitakufa kwa kukosa samadi.

Ukishachanganya, lowesha kidogo uwe kama udongo baada ya manyunyu. Sasa jaza kiganja, bana kwa nguvu, fungua. Unatakiwa ushikane alafu ukiugusa kwa kidole uvunjike. Ukibaki donge kama la mfinyanzi ongeza mchanga na pumba. Usiposhikana kabisa ongeza udongo kidogo. Nimeona watu wananunua vijimfuko vya udongo wa bei mbaya supamaketi, mwepesi mweusi mzuri wa kuangalia, sio vibaya kuutumia ila na huo pia utie mchanga kopo moja kwa makopo mawili, peke yake unashika maji mno kwa ZZ.

Mdudu kwenye udongo wa nje? Chemsha maji, mwagia udongo kwenye beseni la bati, funika, acha upoe kabisa mpaka kesho yake. Siafu na majongoo watakuwa wameisha.

Kabla hujashika ua

Acha kumwagilia siku 4 au 5 kabla. Hii ni kwa ZZ, kwasababu udongo mkavu unachomoka poti kirahisi na kidonda kikavu hakiozi. Tandika gazeti au gunia, weka karibu kisu chenye makali, spirit na pamba, kijiti cha mshikaki, kopo la kuchotea udongo.

Na vaa glavu, hata za mfuko wa plastiki. Si unajua gimbi bichi linavyowasha? Ni kitu kile kile, ndani ya ZZ kuna vichembe vyenye ncha kali kama sindano, kwenye ngozi ya watu wengine vinawasha na mdomoni vinachoma na kuvimbisha. Kuna maneno yanazunguka kwamba ZZ inaleta kansa, hayana ukweli, hata hivyo ukimaliza nawa kwa sabuni kabla hujagusa macho, na mtoto wa kutambaa asiwe karibu, paka nae pia.

Kulitoa

Laza poti ubavu. Bonyeza bonyeza plastiki pande zote kama unalainisha embe. Kamata mashina yote pamoja pale chini yanapotokea udongoni, ukisaidia udongo kwa kiganja kingine, alafu VUTA POTI, sio ua. Ukivuta mashina ya ZZ yanang'oka kwenye kiazi, ni mazito yamejaa maji, yanakatika kwa sauti kabisa na utajuta.

Halitoki? Gonga gonga ukingo wa poti kwenye ngazi. Bado? Kama ni plastiki pasua kwa mkasi wala usione huruma, plastiki ni la bei ndogo. Kama ni chungu pitisha kisu kirefu kuzunguka ndani.

Sasa umelishika mkononi, litazame kwa utulivu, hii ndo fursa pekee utapata kwa miaka miwili ya kuona ua lako chini likoje. Mizizi ya ZZ mizima ni minene, mieupe au ya maziwa, imara. Viazi ni vya kahawia vigumu kama viazi mviringo vya sokoni. Kinachobonyea, kinachotoa maji, kinachonuka kama mfereji, kimeoza, kikate chote mpaka ufike kwenye nyama ngumu nyeupe, na kila ukikata futa kisu kwa spirit ili usihamishe uozo. Kama umekata sana, liache wazi bila udongo mahali penye kivuli mpaka kesho, vidonda vikauke. Najua inatisha kuacha mizizi nje usiku kucha lakini kumbuka tenki la maji liko humo humo, haitakufa.

Udongo wa zamani toa kama theluthi kwa vidole, taratibu, ule wa juu na wa pembeni. Usiioshe mizizi ikabaki uchi kama haijaoza. Ila kuna hali mbili utatoa zaidi. Ya kwanza ni kama lilikuwa kwenye kiriba chenye udongo mwekundu wa kunata, ukiliacha donge hilo katikati ya udongo wako mpya mwepesi, katikati patabaki pamelowa wakati pembeni pamekauka na hutajua umwagilie lini. Ya pili ni maua yaliyotoka nje ya nchi, mara nyingi yana udongo mwepesi wa kahawia kama sufu ambao ukishakauka sana unakataa maji, yanapita pembeni tu, huo nao upunguze uwezavyo. Pekua na katikati, wakati mwingine utakuta kikapu kidogo cha neti kimebana mizizi tangu ilipokuwa mche, kikate ukitoe.

Mizizi iliyozunguka zunguka kama kamba ifungue kwa vidole. Ikikatika michache sio msiba.

Na hapa ndo unaweza kugawa ukitaka. Ukiona viazi vimejitenga makundi mawili matatu, kila kundi lina mashina na mizizi yake, vitenganishe kwa mkono au kisu. Kila kipande kitakuwa ua. Mara ya kwanza mimi ningekushauri usigawe, jifunze kuhamisha kwanza, ila kama limejigawa lenyewe basi pokea.

Kulipanda

Weka udongo chini ya poti mpya, simamisha ua juu yake uone kimo. Unachotaka ni uso wa udongo ukae sentimita 2 au 3 chini ya ukingo, hiyo nafasi ndo mdomo wa poti, maji yanasimama hapo yakisubiri kushuka, ukijaza mpaka juu utakuwa unamwagilia sakafu. Likiwa chini sana ongeza udongo chini, likiwa juu punguza.

Kina kiwe kile kile cha mwanzo. Viazi viwe vimefunikwa kidogo tu, mgongo wa kiazi kuchungulia sio tatizo. Usifukie mashina ili lisimame vizuri, sehemu iliyozoea hewa ukiizika inaoza.

Liweke katikati, shikilia kwa mkono mmoja, jaza udongo kwa kopo pande zote huku ukizungusha poti. Kila ukijaza kidogo chomeka chomeka kile kijiti cha mshikaki pembeni ili udongo uingie kwenye mapengo, alafu inua poti sentimita mbili na uigonge chini taratibu mara tatu. Usishindilie kwa ngumi! Tumehangaika kuchanganya udongo wenye hewa, ukiushindilia umeitoa yote. Likiwa linayumba, na ZZ kubwa huyumba maana juu ni nzito, chomeka vijiti viwili uifunge kwa uzi laini mpaka mizizi ishike, mwezi mmoja au mmoja na nusu.

Futa majani kwa kitambaa chenye maji. Usipake mafuta ya nazi wala mayonesi ya kung'arishia, nimeona watu wanafanya, yanaziba vitundu vya jani na kukusanya vumbi.

Siku za mwanzo

USIMWAGILIE LEO. Najua kila mtu aliyekufundisha kupanda alisema maliza na maji, na kwa mchicha ni kweli, hata kwa maua mengine mengi ni kweli. ZZ subiri siku 5 mpaka 7, vidonda vya mizizi vifunge kwanza. Ule unyevu mdogo wa udongo ulioulowesha unatosha kabisa.

Siku ikifika mwagilia polepole kuzunguka poti yote mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike, mwaga ya kwenye sahani. Udongo ukishuka baada ya maji ongeza kidogo. Kuanzia hapo sahau kalenda, tumia kijiti: chomeka mpaka chini kabisa, kaa nacho dakika mbili, vuta. Kikitoka kisafi kikavu kama kilivyokuwa jikoni, mwagilia. Kikitoka na udongo umekishika, rudi wiki ijayo. Kwangu hapa Dar ndani ya nyumba inafika wiki 2 mpaka 3, kipindi cha mvua zaidi.

Hayo maji ya sahani usiyapuuze. Dar tumepata dengue mwaka 2014, ikarudi 2019, na yule mbu wake anataga kwenye maji masafi yaliyosimama karibu na watu, sahani ya maua ni nyumba anayoipenda. Kutoka yai mpaka mbu anaruka ni kama siku 7 mpaka 10 kwenye joto letu. Kwahiyo nusu saa baada ya kumwagilia mwaga, na mara moja kwa wiki isugue sahani maana mayai yanaganda ubavuni na yanavumilia ukavu.

Mahali pa kuliweka, wiki 2 za kwanza kwenye mwanga wa wastani, pale ambapo mchana unasoma gazeti bila kuwasha taa lakini jua lenyewe halikupigi. Jua kali la dirisha la magharibi litaunguza majani. Mbolea usiguse miezi miwili, udongo mpya una chakula, na mizizi yenye vidonda mbolea inaichoma.

Jani moja au mawili ya chini yakigeuka njano ndani ya wiki 3, tulia, linajipunguza mzigo, yakate yakishakauka. Lakini yakigeuka njano mengi kwa pamoja na shina ukilibonya linabonyea pale chini, hapo usisubiri, litoe uangalie viazi, rudi kwenye kisu na spirit kama nilivyoeleza. Majani kukunjamana na mashina kupata mikunjo wakati udongo mkavu, hiyo ndo kiu ya kweli, mpe maji.

Kama ua lako sio ZZ

Mambo ya poti na kokoto ni yale yale, kinachobadilika ni maji. Manipanti (money plant, lile la kutambaa) na maua mengine ya majani laini mwagilia siku moja kabla ya kuhamisha, na ukimaliza tu mwagilia tena hapo hapo, hayana tenki. Lile ua la majani marefu yaliyosimama kama upanga lifanyie kama ZZ. Na zile violeti ndogo zenye majani ya manyoya, ambazo nazo ni za kwetu kabisa, za milima ya Usambara, zinataka poti ndogo na fupi, na ule moyo wa katikati majani yanakoanzia usiuzike hata kidogo.

Baada ya hapo ni kungoja, na ZZ haina haraka. Inaweza kukaa miezi miwili hata mitatu juu hakuna kinachotokea, wakati huko chini inajaza poti mizizi kwanza. Usilichimbue kuangalia. Siku moja utaona pembeni ya mashina kitu kama mkuki mnene wa kijani mpauko unachomoza kwenye udongo, majani yamejikunja ndani yake, laini kabisa, usiliguse maana linavunjika kirahisi. Hilo likishafunguka ndo unaweza kuanza mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi kipindi cha mvua.

Ile poti ya zamani kama hukuipasua ioshe kwa sabuni, alafu iloweke dakika 10 kwenye jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, suuza, anika juani. Kama kuna shina lilikatika wakati wa kutoa usilitupe, liache kivulini siku mbili kidonda kikauke, lichomeke humo kwenye udongo ule ule uliobaki, lowesha kidogo tu. Litachukua miezi mingi, ila chini litajitengenezea kiazi chake.